Nani Alipie Jaribio?

Kubangua korosho huonekana kazi nyepesi kwa asiyewahi kuikaribia. Kumbe ganda lina mafuta makali yanayounguza vidole, korosho za mti mmoja hazilingani ukubwa, na punje iliyovunjika huuzwa kwa bei ya chini kuliko nzima. Fundi wa Nachingwea au Ruangwa anayebuni mashine mpya ya kubangulia hana budi kuijaribu kwa magunia ya korosho, tena huenda msimu mzima, huku akivunja nyingi kabla hajapata mkao sahihi wa visu. Hasara hiyo haiepukiki. Swali ni nani aibebe. Kwa maoni yangu, fedha za umma zina kazi hasa hapo, kwenye jaribio, na ziwe ruzuku, si mkopo.

Mikopo ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na baada ya kusitishwa mwaka 2023 ilirejeshwa mwaka uliofuata. Lakini mkopo, hata usio na riba, unataka marejesho, na marejesho yanataka mauzo. Kikundi cha bodaboda kinaweza kuanza kurejesha mapema. Mashine ambayo bado inavunja korosho itarejesha nini? Upande wa pili, Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ina mfuko wa kuendeleza ubunifu, na tangu 2019 mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yamewaibua wabunifu wengi. Hata hivyo, kushinda kwa kifaa kinachofanya kazi mezani ni jambo moja, na kukifanya kimfae mnunuzi ni jambo jingine. Pengo liko katikati.

Atakayesema serikali haina biashara ya kulipia majaribio aitazame historia ya Nachingwea yenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na huku Nachingwea, wakaleta matrekta na kujenga reli kutoka Mtwara bila kwanza kulima shamba la majaribio la maana. Mradi ulifutwa mwaka 1951 kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Baada ya uhuru vikaja viwanda vikubwa vya korosho vya mitambo ya kigeni. Vingi vilikamilika wakati mavuno yameshaporomoka kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74, vikakosa malighafi. Kwenye karanga hasa, gharama ya kujaribu iliepukwa, kisha ikalipwa mara nyingi zaidi.

Pingamizi zito ni kwamba fedha isiyorudishwa huliwa. Ni kweli inaweza kuliwa, hasa ikitolewa kwa mkupuo. Marekani, katika mpango wake wa SBIR wa kugharimia ubunifu wa kampuni ndogo, wa tangu 1982, hugawa ruzuku kwa hatua: kiasi kidogo cha kuthibitisha wazo, kikubwa zaidi kwa aliyethibitisha. Mchumi Sabrina Howell, akiwalinganisha waombaji wa ruzuku hiyo katika Wizara ya Nishati ya Marekani waliopata kwa tundu la sindano na waliokosa hivyo hivyo, alikuta ruzuku ya kwanza ikikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji, kutoka asilimia 10 hadi 19. Ruzuku ya pili, iliyo kubwa zaidi, haikuonyesha manufaa ya namna hiyo. Ruangwa haina wawekezaji wa aina ile, nakubali, na tofauti hiyo si ndogo. Ila funzo kuhusu ukubwa linabaki: kidogo cha mwanzo ndicho kilichofanya kazi, na kidogo kikipotea hakiangushi bajeti.

Fedha peke yake, hata hivyo, haitoshi. Korosho ghafi huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na chama kikuu cha RUNALI. Fundi akinunua magunia mawili mlangoni kwa mkulima ataitwa mfanya kangomba, yaani mnunuzi wa magendo. Kwa hiyo ruzuku iambatane na kibali cha kupata korosho za majaribio ghalani, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapime kiwango cha kuvunjika kabla ya awamu ya pili kutolewa. Tena itoke mapema baada ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Mavuno huanza kushika kasi Oktoba, na fedha ya Februari itakuta maghala yameshaanza kufagiliwa.