Mchezo Usiodai Misuli

Huenda umezoea kuona kuwa bingwa wa michezo ni kijana mwenye pumzi nyingi. Leo tunakuletea mchezo ambao bibi mwenye wajukuu aweza kumshinda binti yake, tena kwa halali. Ni mchezo wa kuvingirisha matufe juu ya nyasi, ambao majirani zetu wa Kenya huucheza katika baadhi ya vilabu vya Nairobi.

Katika shindano la mmoja kwa mmoja, kila mchezaji huwa na matufe manne. Kwanza huvingirishwa tufe dogo jeupe. Kisha wachezaji hupokezana zamu, kila mmoja akijitahidi tufe lake lilale karibu zaidi na lile jeupe. Kwa kanuni ya tangu zamani, anayetangulia kufikisha pointi 21 ndiye mshindi. Tufe halifiki hata kilo mbili, ila umbo lake halilingani pande zote, hivyo hupinda kadiri mwendo unavyopungua. Asiyepima vema hupotea, wala hana mwenzake wa kumlaumu.

Wanawake waliingia katika mchezo huu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1982, huko Brisbane. Zimbabwe, iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru, ilitwaa dhahabu ya timu za watu watatu. Shindano la mwanamke mmoja mmoja lilianza Edinburgh mwaka 1986. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia michezo hiyo kwa sababu ya msimamo wa serikali ya Uingereza juu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mwaka 1990, huko Auckland, taji lilichukuliwa na Geua Tau wa Papua New Guinea, nchi isiyo tajiri.

Hatusemi kwamba Nyabibuye, huko nyanda za juu za Kigoma, wajenge uwanja wa nyasi laini kama zulia. Swali letu ni hili: mama wa huko, au mama mfanyakazi wa mjini, ana saa ngapi kwa juma za kucheza mchezo wowote? Jicho la kupima analo, kwani kila siku hupima unga na chumvi bila mizani. Mkono mtulivu anao. Anachokosa ni nafasi.

Basi, baba, Jumapili ijayo kabla hujaenda kiwanjani, kaa na watoto wewe. Mwache mama naye atoke akacheze.