Kutoa na Kupokea: Historia ya Ufadhili katika Shule ya Starehe

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukweli wa kauli hii unadhihirika katika historia ya Kituo na Shule ya Wavulana ya Starehe, jijini Nairobi.

Kituo hiki kilianzishwa mnamo Novemba 1959 na Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo. Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa haijaondolewa, na vita vya kupigania uhuru vilikuwa vimewaacha watoto wengi bila wazazi wala makao. Majengo ya kwanza yalikuwa vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Humo wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani walipata malazi, chakula na masomo.

Kadiri shule ilivyopanuka, ndivyo mahitaji yalivyoongezeka. Shirika la Save the Children la Uingereza lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mapema. Utaratibu uliojengeka ni kwamba mwanafunzi fukara alisoma bila malipo, naye mwenye jamaa wenye uwezo alilipiwa karo kulingana na mapato yao. Aliyelipa na asiyelipa walivaa sare moja na kuketi darasa moja. Umaskini haukuwa alama ya kumtambulisha mtu.

Hata hivyo, msaada una hatari yake. Mkono uliozoea kupokea tu huenda ukasahau kutoa, na mpokeaji akaanza kujiona duni. Starehe ilikabili hatari hii kwa mpango wa huduma ya kujitolea. Wakati wa likizo, wanafunzi walikwenda kuhudumu hospitalini na katika ofisi za umma bila ujira. Kwa njia hiyo, aliyefadhiliwa alipata naye cha kuwapa wengine: nguvu zake na wakati wake.

Griffin alifariki mwaka 2005, mwaka uleule ambao Kituo cha Wasichana cha Starehe kilifungua milango yake. Hivyo, fadhila iliyoanzia vibandani iliwafikia mabinti ambao kwa zaidi ya miaka 40 hawakuwa na nafasi katika mpango huo.

Historia hii inabainisha kwamba ufadhili bora haupimwi kwa wingi wa fedha pekee. Hupimwa pia kwa namna unavyomhifadhia mpokeaji heshima yake, na kumwandaa awe mtoaji kesho.