Mbio Nazo Zina Masomo Yake

Wazazi wengi hapa Bonga hudhani mtoto apendaye mbio anapoteza wakati. Sivyo. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, alishinda maratoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978. Miguu hiyohiyo ilimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani.

Lakini goti likiumia, mbio zimekwisha. Elimu haina goti. Chuo cha Malya, Kwimba, hufundisha ualimu na uongozi wa michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo.

Basi, mzazi, mtoto akishinda mbio umpongeze, kisha umwulize: “Daftari la baiolojia liko wapi?”