Matumaini kwa Walioumia Uti wa Mgongo

Aangukaye kutoka mtini akaumia uti wa mgongo huweza kupooza maisha, kwani mishipa ya fahamu iliyomo humo ikikatika haiungi kwa urahisi.

Desemba 2021, madaktari wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, walianza kupandikiza seli changa milioni 2, zenye uwezo wa kugeuka kuwa za mishipa ya fahamu, penye jeraha lisilozidi siku 28. Machi 2025 walitoa habari za wagonjwa wanne. Mmoja alisimama bila kushikwa. Wa pili alisogeza viungo zaidi. Wawili hawakupata nafuu kubwa.

Hayo bado ni majaribio. Basi jamaa wasiuze ng'ombe kwa sindano za seli zinazonadiwa kuponya maumivu sugu. Nyumbani, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa 2, asipate vidonda.