Mfuga Samaki Hufuga Maji Kwanza

Juma hili tuache kidogo habari za nauli na bei ya sukari, tuingie sebuleni. Katika nyumba kadhaa za mjini, pembeni ya televisheni, utakuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Baba kalinunua kwa sababu watoto walimsumbua, au mama kaliona kwa jirani akalipenda. Juma la kwanza kila mgeni anasimama kutazama. Juma la pili samaki mmoja anaelea tumbo juu. Juma la tatu wamebaki wawili, na mtoto anauliza maswali ambayo mzazi hana majibu yake. Muuzaji akiulizwa husema ni ugonjwa, jirani husema ni chakula, bibi naye ana yake. Wanaletwa wengine, nao wanafuata njia ile ile, na mwishowe tangi linapandishwa juu ya kabati.

Mara nyingi samaki wale hawakuwa na ugonjwa wowote. Waliuawa kwa sumu, na sumu yenyewe waliitoa wao.

Samaki akila, uchafu wake si ule tu tunaouona chini ya kioo. Sehemu kubwa hutoka kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayovutia hewa, nayo hutoka kama amonia, kitu kile kile kinachowasha pua katika choo kisichomwagiwa maji. Mtoni au ziwani amonia hiyo humezwa na maji mengi. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Huunguza matamvua, na samaki akapanda juu kuhema kama mtu aliyekimbizwa. Wakati wote huo maji huweza kuonekana maangavu kabisa, kwa kuwa amonia haina rangi. Ndiyo maana mwenye tangi huapa kwamba maji yake ni safi.

Dawa ya jambo hili Mwenyezi Mungu kaiweka katika viumbe wasioonekana kwa macho. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huistahimili maadamu haijazidi. Bakteria hawa huota juu ya kokoto, mawe na hasa katika sponji ya chujio. Lakini hawaoti kwa siku moja. Katika tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6. Sasa tazama tunavyofanya: tangi linanunuliwa Jumamosi, na samaki kumi wanatiwa Jumamosi hiyo hiyo!

Anayetaka samaki wake waishi aanze na wawili au watatu walio wagumu, gapi kwa mfano, avumilie mwezi mmoja na nusu, ndipo aongeze kidogo kidogo. Na kama una rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke katika chujio lako. Hiyo ni zawadi kubwa kuliko samaki mwenyewe.

Nafika penye tatizo letu hasa. Sisi tumelelewa kupenda usafi, na usafi wa sebule si usafi wa tangi. Mama wa nyumbani mwenye bidii humwaga maji yote, husugua kokoto, huosha sponji kwa maji ya bomba, pengine na sabuni, kisha hurudisha samaki katika maji mapya yanayometameta. Bakteria wote wamekufa, na tangi limerudi siku ya kwanza. Inatosha kubadilisha robo ya maji kila wiki, na sponji kuikamua ndani ya ndoo ya maji yale yale yaliyotolewa. Sabuni isiingie kabisa.

Ukarimu nao huua. Mtoto analisha asubuhi, dada wa kazi analisha mchana, mgeni akija naye anaonyeshwa jinsi wanavyokuja juu. Chakula kisicholiwa huoza, na kikioza kinatoa amonia ile ile. Wape kinacholiwa chote kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na mtu mmoja tu awe na kopo. Samaki mzima aliyekomaa huweza kukaa siku kadhaa bila kula na asipate neno.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili tusipate kipindupindu, lakini klorini huunguza matamvua na kuua bakteria wetu. Teka maji katika ndoo iliyo wazi, yalale siku nzima, usiku na mchana. Wengi wetu tunaohifadhi maji kwa sababu bomba halitoki kila siku tumekwisha kufanya nusu ya kazi hiyo bila kujua. Katika miji inayotumia kloramini, kulaza maji hakusaidii, sharti dawa ya kuiondoa.

Kuhusu ukubwa, watu hudhani tangi dogo ni jepesi kulitunza. Ni kinyume. Katika maji machache sumu hupanda upesi na joto hubadilika upesi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54, na kwa anayeanza ningesema asishuke hapo. Bakuli la mviringo ndilo baya kupita yote, maana hewa huingilia juu ya maji, na bakuli likijazwa hadi shingoni uso wa maji unabaki kama sahani ya chai. Isitoshe, maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Kwa hiyo kwetu Pwani kipasha maji hakihitajiki, bali pampu ya hewa. Nairobi au Mbeya mwezi wa Julai ni kinyume chake, kwani samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27.

Umeme ukikatika, usiwalishe. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, mara kwa mara. Ukichelewa kurudi, toa sponji ndani ya chujio uiache katika tangi, kwa sababu bakteria nao huvuta hewa.

Katika kuchagua, jihadhari na samaki wa dhahabu. Asili yake China, hukua kupita sentimita 20 na huchafua maji mno. Walio wetu wenyewe tunawasahau. Ziwa Tanganyika lina samaki, wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus, asiyefika sentimita 5, anayeishi ndani ya kombe tupu la konokono. Maji magumu, yanayoacha ukoko mweupe katika birika, yanamfaa kuliko neoni wa Amazon aliyezoea maji laini. Ila katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi, kwa hiyo subira ya wiki 6 isipunguzwe.

Ukichoka na samaki wako, tafuta mtu umpe, usiwamwage mtoni wala mtaroni. Gugu maji lililoziba kingo za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi, ni ua la Amerika Kusini lililosambazwa duniani kama pambo la mabwawa. Hata mimea ya ndani ya tangi ikaushwe juani kabisa kabla ya kutupwa.