Ufafanuzi Kuhusu Shahada ya Uzamili ya Uongozi kwa Wenye Shahada za Fani Nyingine

Watumishi na wananchi wenye shahada ya kwanza ya fani isiyohusiana na uongozi, ambao wanakusudia kuendelea na Shahada ya Uzamili ya fani hiyo, wanafahamishwa kuwa njia iko wazi kwao kwa mujibu wa taratibu za vyuo vya nchini. Ufafanuzi huu umezingatia zaidi hali ya mtumishi anayeishi Makanyagio, kata ya Manispaa ya Mpanda katika Mkoa wa Katavi, mbali na vyuo vingi vinavyotoa masomo hayo. Hata hivyo aliyeko Pemba au Mafia naye ataiona hali yake humu, kwani maji ya bahari na masafa ya reli humtenga mtu na darasa kwa namna moja.

Haja ya masomo haya huko Mpanda si ya kubuni. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na mkoa mpya huhitaji wakuu wa idara, wa vitengo, wa skuli na wa vituo vya afya kabla haujapata muda wa kuwaandaa. Matokeo yake ni kuwa mwalimu wa fizikia hukabidhiwa skuli nzima, tabibu hukabidhiwa hospitali, na afisa kilimo aliyehitimu Chuo Kikuu cha Sokoine hujikuta akishauri vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku kuhusu madeni na pembejeo. Katika Wilaya ya Tanganyika, jirani na Mpanda, viko vijiji vinane vinavyopokea fedha za biashara ya hewa ya ukaa kutokana na kuihifadhi misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Anayezisimamia fedha za namna hiyo akiwa amesomea mimea au historia hana kosa lolote. Lakini hesabu zikimshinda, watakaokosa dawa ni wagonjwa wa kijiji.

Wapo wanaodhani kuwa kuingia katika masomo ya uongozi kutokea fani nyingine ni kupita mlango wa nyuma. Dhana hiyo haina msingi. Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, ijulikanayo kwa kifupi MBA, ilianza kutolewa katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani mwaka 1908, na tangu awali ilipokea watu waliokwisha kusoma mambo mengine. Hapa kwetu, Mzumbe ilianza mwaka 1953 ikiwa skuli ya watumishi wa serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na kufikia hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitivo chake cha biashara na uongozi mwaka 1979. Mjini Arusha kipo pia chuo cha ESAMI, ambacho ni cha pamoja cha nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Yafaa msomaji atofautishe majina, maana katika Kiswahili neno "uongozi" limebebeshwa mzigo wa maneno mawili au matatu, na wengine siku hizi husema "menejimenti" ili kupunguza utata. Ipo shahada ya usimamizi wa biashara, ipo ya utawala wa umma, na ipo ya usimamizi wa rasilimaliwatu. Mbili za mwanzo kwa kawaida humpokea mwenye shahada yoyote, na baadhi ya vyuo hutaka awe na uzoefu wa kazi. Lakini ziko shahada nyingine za uzamili, hasa zile za uhasibu na fedha, ambazo mara nyingi humtaka mwombaji awe na msingi wa fani hiyohiyo. Mwombaji asiyesoma masharti ya kila programu huweza kupoteza ada ya maombi na mwaka mzima.

Kuhusu sifa, kiwango kinachotumika katika vyuo vingi ni shahada ya kwanza ya daraja la pili la chini, yaani wastani usiopungua 2.7 katika kipimo cha 5. Shahada ya udaktari wa tiba haina madaraja, hivyo mwenye shahada hiyo hutazamwa kwa wastani wa alama zake za masomo. Aliyehitimu kwa daraja la kufaulu tu, yaani chini ya 2.7, asikate tamaa: vyuo vingi humruhusu apitie kwanza Stashahada ya Uzamili, na akifanya vizuri huko huweza kuomba tena. Njia hii ni ndefu zaidi, ila kwa mtu asiyewahi kusoma hesabu za biashara si hasara, maana humpa mwaka wa kujijenga.

Ugumu wenyewe uko katika masomo, wala hauko mahali ambapo wengi wanauogopa. Masomo ya tabia ya watu kazini, ya masoko na ya mikakati humwendea vyema mwalimu na tabibu, kwa sababu wamekwisha kuishi na watu. Kikwazo ni uhasibu, fedha na takwimu. Mwalimu wa Kiswahili ambaye hajagusa hesabu tangu Kidato cha Nne atakutana na mizania katika wiki za mwanzo, na mwalimu wa somo hatasubiri.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jambo linalowasumbua wageni wa fani hii. Tuseme chama cha msingi kinataka kununua mashine ya kukamua alizeti kwa shilingi 6,000,000. Inakisiwa kuwa mashine hiyo itakiingizia chama faida ya shilingi 1,600,000 kila mwishoni mwa mwaka kwa miaka 4, kisha itakuwa imechakaa. Kwa hesabu ya kawaida jumla ni shilingi 6,400,000, hivyo chama kimepata ziada ya shilingi 400,000, na wanachama wengi watapiga kura ya ndiyo. Lakini shilingi 1,000,000 itakayopatikana baada ya mwaka mmoja si sawa na shilingi 1,000,000 iliyoko mkononi leo. Ikiwa fedha zingeweza kuzaa asilimia 12 kwa mwaka mahali pengine, basi hiyo ya mwakani ina thamani ya shilingi 892,857 tu kwa leo, na ile ya mwaka wa pili ina thamani ya shilingi 797,194. Ukiyakokotoa mapato yote 4 kwa njia hiyo, thamani yake ya leo ni takriban shilingi 4,860,000. Mashine iliyoonekana kuleta ziada inakitia chama hasara ya takriban shilingi 1,140,000. Hapana hesabu ngumu hapo kuliko kugawanya. Kilicho kigeni ni wazo lenyewe, nalo wazo hilo hurudi katika masomo ya fedha mpaka mwisho wa programu. Mwenye kusudio la kuanza masomo mwakani atafanya vyema kulizoea sasa hivi, pamoja na kujifunza kusoma mizania na taarifa ya mtiririko wa fedha ya chama au taasisi anayoijua.

Wenye shahada za sayansi nao wana taabu yao. Mhandisi au tabibu amezoea swali lenye jibu moja. Katika masomo ya uongozi hupewa kisa cha shirika lenye matatizo, na wanafunzi watano hutoa majibu matano yanayotetewa vizuri. Wengi huona kuwa huo ni upuuzi katika muhula wa kwanza. Afisa kilimo, kwa upande wake, hubebwa na takwimu alizojifunza katika majaribio ya mashamba, na mara nyingi huwa tegemeo la wenzake wakati wa utafiti.

Sasa kuhusu muda. Kwa kipimo kinachotumiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili ina uzito usiopungua krediti 180, na krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Mtumishi anayeweza kujitengea saa 15 kwa wiki, baada ya kazi na shughuli za nyumbani, atahitaji wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili bila mapumziko. Anayeahidi kumaliza kwa mwaka mmoja huku akiendelea na kazi kamili hajazipiga hesabu hizo.

Mkaazi wa Makanyagio hawezi kusoma madarasa ya jioni ya Dar es Salaam. Treni ya Mpanda hupitia Kaliua hadi Tabora kabla ya kushika reli ya kuelekea pwani, na safari hiyo si ya kwenda na kurudi kwa mwisho wa juma. Zinabaki njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuomba likizo ya masomo na kuhamia chuoni. Ya pili ni masomo ya masafa, ambayo kwa hapa nchini yana chombo chake mahususi: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, kikiwafikia wanafunzi wake kupitia vituo vya mikoa. Wako wanaovutwa na shahada za vyuo vya nje zinazotolewa kwa intaneti. Hao wanashauriwa kuhakikisha mapema, kabla ya kulipa hata senti moja, kwamba chuo husika kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kuwa shahada ya nje isiyotambuliwa haina nafasi katika jalada la mtumishi.

Jambo linaloleta malalamiko mengi kuliko yote ni lile la kada. Watumishi hudhani kuwa cheti cha uzamili hubadilisha cheo chenyewe kwa chenyewe. Sivyo. Mwalimu mwenye Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma huendelea kuwa mwalimu hadi mwajiri aombe na kupata kibali cha kumbadilisha kada, na kibali hutegemea kuwapo kwa nafasi katika ikama na fedha katika bajeti. Aidha, anayebadilishwa kada huweza kuanza katika cheo cha chini cha kada mpya. Kwa hiyo mtumishi aulize muundo wa utumishi wa kada anayoikusudia kabla ya kuchagua programu, na apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kuanza masomo. Vilevile shahada ya uongozi haimpi mtu sifa ya kuwa mhasibu au mnunuzi wa umma. Wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na wataalamu wa ununuzi wana bodi yao.

Kwa upande wa gharama, mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imeelekezwa zaidi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, hivyo wengi wa waombaji hawa hujilipia wenyewe au huombea fedha katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Anayetaka jina lake liingizwe katika mpango huo ni lazima aombe kabla ya bajeti ya mwaka kupangwa.

Mwisho ni tasnifu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: masomo ya darasani yamekwisha, wamerudi kazini, na utafiti unabaki kurasa chache ndani ya mkoba kwa miaka. Mwanafunzi wa Makanyagio ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani iwapo atachagua swali lililo mlangoni pake, kama vile kwa nini dawa fulani hukosekana katika zahanati kila robo ya mwaka, au jinsi ushuru wa soko unavyokusanywa na kuwasilishwa. Takwimu ziko ofisini, na wahojiwa ni majirani. Barua ya chuo ya kumtambulisha mtafiti huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye huandika kwa halmashauri inayohusika; nakala ya barua hiyo ibebwe kila mtafiti anapokwenda kukusanya takwimu, hata katika ofisi anayofanyia kazi mwenyewe.