Mwanamichezo na maumivu: lini ukaze, lini usimame?

Wadau, habari ya mzee wetu John Stephen Akhwari wengi mnaijua. Mexico City, Oktoba 1968, mbio za marathoni: akaanguka njiani, goti likateguka, akafungwa bandeji na kuendelea mpaka mwisho. Alimaliza wa 57, yaani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Heshima yake iko palepale. Ila mtaani vijana wengi tumebeba somo moja tu: mwanaume hasikii maumivu. Hapo ndipo tunapoharibu magoti.

Iko hivi. Mishipa ya fahamu inapeleka taarifa tu. Ubongo ndio unapima hatari na kuamua usikie maumivu kiasi gani. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuumia vibaya kwenye fainali asishtuke mpaka filimbi ya mwisho, na mwingine jeraha limeshapona lakini bado anaugulia. Ukubwa wa maumivu si kipimo cha jeraha.

Sasa utajuaje? Misuli kuwaka moto ukiwa mazoezini, au kukaza siku moja mbili baadaye, ni kawaida. Hayo ndiyo wanariadha wakubwa wanajifunza kuyazoea. Lakini maumivu makali ya ghafla, kiungo kuvimba, kushindwa kukanyagia, au mfupa unaouma zaidi kila ukikimbia: simama, nenda hospitali.

Na ile tabia ya kumeza diklofenaki kabla ya mechi? Unazima kengele, moto unaendelea kuwaka. Dawa hizo zinaweza kuchubua tumbo na kuumiza figo, hasa ukiwa juani bila maji ya kutosha. Tramadoli ndiyo kabisa: inalevya, inazoeleka, na tangu Januari 1, 2024 WADA imeipiga marufuku wakati wa mashindano.

Mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Kwa kifupi: tafuta chanzo kwanza, dawa ni sehemu ndogo tu ya tiba. Kuna mazoezi ya tiba, usingizi, na kuangalia hofu na msongo wa mawazo, maana navyo vinaongeza maumivu.

Akhwari alikuwa kwenye Olimpiki. Wewe una mechi Jumamosi hii, na nyingine Jumamosi ijayo. Goti ni lilelile.

Haya wadau, nawasilisha.